Jinsi ya kuandika maelezo ya zana inayomruhusu wakala wa AI kurekebisha oda za kripto

Swali ni lile lile, linakuja kila wiki likiwa limebadili nguo tu: "Zana yangu nikiijaribu mwenyewe inafanya kazi. Nikimkabidhi wakala wa AI, anaharibu oda. Tatizo ni modeli?" Naomba nione maelezo ya zana. Naletewa mstari mmoja: "Hurekebisha oda." Maneno mawili, halafu tunailaumu mashine.

Mtu akikutana na maelezo mabovu husita. Atampigia simu aliyeyaandika, au ataenda kuchungulia msimbo. Wakala hasiti. Anachukua kilichoandikwa, palipo na pengo anabahatisha, kisha anatuma. Kwenye zana ya kusoma bei, kubahatisha kutakupa jibu la ovyo. Kwenye zana ya kurekebisha oda, yaani agizo lako la kununua au kuuza, kutakugharimu pesa.

Nimeandika mwongozo huu ili nisijibu tena mmoja mmoja. Mfano mkuu ni soko la kripto la Binance, kwa kuwa wengi wenu mnaouliza mko huko, na zana tunaichukulia imeunganishwa kwa MCP, ile itifaki iliyotolewa na Anthropic Novemba 2024 ili modeli ziweze kuita zana za nje. Ukitumia soko jingine hatua hazibadiliki, yanabadilika majina. Na "wakala" humu ni programu, si yule wa M-Pesa pale kona. Ingawa yule wa kona ana tabia moja tutakayomuiga kwenye hatua ya sita: hukusomea namba na kiasi kabla ya kubonyeza.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Zana inayofanya kazi tayari, hata kama ni mbaya. Hapa hatuandiki msimbo, tunaandika maelezo yake. Nitakuonya mapema kwamba utaishia kubadili msimbo pia.
- Akaunti ya mtandao wa majaribio. Ya Binance Spot (soko la kununua na kuuza sarafu papo kwa papo) iko testnet.binance.vision. Salio lake ni la bandia na hurudishwa mwanzo kila baada ya muda, kwa hiyo ukikuta oda zako zimetoweka usidhani umeibiwa.
- Ufunguo wa API (njia ya programu yako kuongea na soko) wenye ruhusa ya kuuza na kununua tu. Ruhusa ya kutoa fedha izime, na ufunguo uufunge kwa anwani ya IP ya seva yako.
- Nyaraka rasmi za soko lako, zikiwa wazi kwenye ukurasa wa kurekebisha oda. Nyaraka, si video ya mtu.
- MCP Inspector, ambayo utaiwasha kwa `npx @modelcontextprotocol/inspector`. Inakuonyesha zana yako vile wakala anavyoiona.
- Karatasi na kalamu. Sitanii, utavihitaji kwenye hatua ya tatu.

Onyo moja kabla hatujaingia: usiandike maelezo haya ukiwa umeunganisha akaunti yenye pesa halisi. Kila ukibadili sentensi utataka kujaribu, na kila jaribio ni oda.

Hatua ya 1: Jua "kurekebisha" kwenye soko lako ni kufanya nini

Wanaoanza karibu wote wanaruka hapa. Neno ni moja, matendo ni matatu.

La kwanza ni kurekebisha palepale: oda inabaki ileile, namba yake ileile, bei au kiasi ndicho kinachobadilika. Kwenye fyucha za Binance (mikataba ya bei ya baadaye) ni `PUT /fapi/v1/order`, nayo hufanya hivyo kwa oda za limiti tu, yaani zenye bei uliyoitaja mwenyewe. AmendOrder ya soko la Kraken iko kundi hili, na vilevile amend-order ya soko la OKX.

La pili ni kufuta na kuweka nyingine. Oda ya zamani inakufa, mpya inazaliwa na namba mpya, nayo inaanza mwisho wa foleni. Ndivyo ilivyo `cancelReplace` ya Binance Spot. Kraken nao wana EditOrder inayofanya hivyo, na majina yanafanana na yale ya AmendOrder kiasi kwamba usiposoma vizuri utayachanganya.

La tatu ni kupunguza tu. Binance Spot wana njia iitwayo `amend/keepPriority`, ambayo hupunguza kiasi cha oda bila kukupotezea nafasi kwenye foleni. Kuongeza haikuruhusu, bei haigusi.

Ukitumia maktaba ya CCXT (msimbo uliokwisha andikwa wa kuongea na masoko mengi), usiamini jina `editOrder` peke yake. Chapisha `exchange.has['editOrder']` uone. Ukikuta `'emulated'`, maana yake soko lenyewe halina njia hiyo, na CCXT inakufutia oda na kukuwekea nyingine chini kwa chini.

Andika jibu lako kwa sentensi moja. Hiyo itakuwa sentensi ya pili ya maelezo yako.

Hatua ya 2: Jina, sentensi ya kwanza, na mpaka

Jina liwe kitenzi na kitu: `rekebisha_oda`. Epuka `simamia_oda`, ile zana moja yenye paramita ya `kitendo` inayopokea "weka", "futa" au "badili". Wakala akikosea neno moja ndani yake, alichotaka kukirekebisha anakifuta. Tenganisha: `soma_oda`, `rekebisha_oda`, `futa_oda`.

Sentensi ya kwanza iseme zana inafanya nini. Ya pili, itakavyofanya. Ya tatu iseme lini isitumike, na hii ndiyo ninayoikosa kwenye maelezo mengi ninayotumiwa. Kwa mfano: "Usitumie zana hii kuweka oda mpya, wala kwa oda za kuzuia hasara." Kwa nini oda za kuzuia hasara? Kwa sababu kama zana yako hufuta kwanza, kuna muda, hata uwe mfupi, ambao mtumiaji hana kinga yoyote. Kama unataka kuziruhusu, ziandikie zana yake na maonyo yake.

Hatua ya 3: Kiasi. Hapa tukae.

Chukua karatasi. Mtumiaji ana oda ya kununua BTC 0.02 kwa bei ya 60,000 USDT, yaani 1,200 USDT zote. Soko limeshuka likagusa bei yake, BTC 0.008 zimeshajazwa (zimeshanunuliwa), zimebaki 0.012. Sasa anamwambia wakala: "Punguza oda yangu hadi 0.015."

Anamaanisha nini? Karibu kila mtu niliyemuuliza anajibu kwamba jumla iwe 0.015. Tayari 0.008 zimo, kwa hiyo zibaki 0.007 kwenye kitabu cha oda, ile orodha ya oda zinazosubiri sokoni.

Sasa tazama zana ya kufuta na kuweka nyingine, iliyo na paramita iitwayo `kiasi` na maelezo yasemayo "kiasi kipya". Wakala anajaza 0.015. Zana inafuta zile 0.012 zilizobaki, inaweka oda mpya ya 0.015. Oda hiyo ikijaa, mtumiaji atakuwa amenunua 0.008 na 0.015, jumla 0.023. Aliomba kupunguza, amenunua zaidi ya alivyopanga mwanzo: 1,380 USDT badala ya 900 alizotaka. Na hakuna kosa lolote litakaloonekana popote. Zana imerudisha "imefanikiwa", wakala ameripoti "imefanikiwa".

Masoko yenyewe hayafanani kwenye jambo hili. OKX wanasema wazi kwamba kiasi kipya kijumuishe kilichokwishajazwa. Kwenye fyucha za Binance, ukituma kiasi kipya kilicho sawa na kilichojazwa au chini yake, oda inafutwa. Bali `cancelReplace` ya Spot inachukulia oda mpya kuwa mpya kabisa, haijui habari za 0.008.

Kwa hiyo:

a) Usiite paramita `kiasi`. Iite `jumla_mpya` au `kilichobaki_kipya`. Jina lenyewe liwe maelezo. Mimi huchagua `jumla_mpya`, kwa kuwa ndivyo watu wanavyosema, kisha seva ndiyo inayotoa kilichojazwa. Hesabu usimwachie wakala.

b) Andika mfano wenye namba ndani ya maelezo. Mfano mmoja kama huo hapo juu unafaa kuliko aya tatu za ufafanuzi.

c) Sema kitakachotokea `jumla_mpya` ikiwa sawa na kilichojazwa au pungufu. Kukataa ni salama kuliko kufuta kimyakimya.

Kuna mtego ndani ya mtego. Ukisoma kilichojazwa, ukapiga hesabu, kisha ukaita `cancelReplace`, kati ya kusoma na kufuta oda inaweza kuwa imejaa zaidi. Binance wana paramita `cancelRestrictions`. Ukiipa `ONLY_NEW`, kufuta kutakubaliwa tu kama oda haijaguswa kabisa, na hilo linatosha kwa oda nzima. Kwa oda iliyojazwa nusu, njia ninayoiamini ni kufuta kwanza kwa `DELETE /api/v3/order`, kusoma `executedQty` kwenye jibu la kufuta lenyewe, ndipo uweke iliyobaki. Utakaa muda mfupi bila oda sokoni. Nakubali gharama hiyo, mwingine hataikubali. Ila chochote utakachochagua, kiandike, ili wakala aweze kumwambia mtumiaji.

Hatua ya 4: Namba ziwe maandishi, na zina ngazi zake

Kwenye skima (sehemu inayotaja kila paramita ni data ya aina gani), bei na kiasi vitangaze kuwa `string`, si `number`. Kompyuta ikijumlisha 0.1 na 0.2 inapata 0.30000000000000004, na soko litakurudishia oda kwa desimali zilizozidi.

Kila pea (jozi ya sarafu, kama BTC na USDT) ina ngazi zake: hatua ya bei, hatua ya kiasi, na thamani ya chini ya oda. Kwa Binance unazipata kwenye `exchangeInfo`, chini ya `PRICE_FILTER`, `LOT_SIZE` na `NOTIONAL`. Usiziandike ngazi zenyewe kwenye maelezo ya zana, maana soko huzibadilisha. Andika hivi: "Seva hukagua ngazi za pea. Bei isiyolingana hukataliwa, haikadiriwi." Nasisitiza *haikadiriwi*. Zana inayozungusha namba kimyakimya inamfundisha wakala kwamba namba yoyote inafaa.

Na kama unatumia fyucha za Binance, kumbuka ombi la kurekebisha linadai bei na kiasi vyote viwili. Mtumiaji akibadili bei tu, lazima zana isome kiasi cha sasa yenyewe. Sema kwenye maelezo kwamba paramita iliyoachwa wazi hubaki ilivyokuwa.

Hatua ya 5: Andika yatakayotokea mambo yakienda mrama

Hapa nina kovu langu mwenyewe. Zana yangu ya kwanza ilikuwa na majibu mawili, "imefanikiwa" na "imeshindwa". Siku moja kwenye mtandao wa majaribio ombi lilichelewa, muunganisho ukakatika, zana ikasema "imeshindwa". Wakala, kwa bidii yake, akajaribu tena. Na tena. Nilipofungua orodha nikakuta oda tatu zimepangana kama mabati. Ombi la kwanza lilikuwa limepita muda mrefu, jibu tu ndilo halikufika.

Nyaraka za Binance zinalisema hili bila kificho: jibu la HTTP la kundi la 5XX (kosa upande wa seva yao) lisihesabiwe kuwa kushindwa, hali ya ombi haijulikani na huenda lilifanikiwa. Kwa hiyo majibu mawili hayatoshi. Mimi sasa natumia manne:

`IMEREKEBISHWA`: oda iko ilivyoombwa. Rudisha namba ya oda, kwa kuwa huenda ni mpya.

`HAIJAGUSWA`: ombi limekataliwa, oda ya zamani iko vilevile.

`IMEFUTWA_BILA_MPYA`: ya zamani imekufa, mpya imekataliwa. Mtumiaji hana oda sokoni.

`HAIJULIKANI`: jibu halikufika. Usijaribu tena. Ita `soma_oda` kwanza.

Ya tatu ndiyo watu huisahau. Kwenye `cancelReplace`, Binance hutoa kosa -2021 pale nusu ya kazi inapofanyika na nusu ikashindikana, na -2022 pale vyote viwili vinaposhindikana. Ukitumia `STOP_ON_FAILURE`, kufuta kukishindikana oda mpya haijaribiwi. Ukitumia `ALLOW_FAILURE`, oda mpya inajaribiwa hata kama ya zamani haikufutika, na unaweza kuishia na mbili. Kwa wakala, sijaona sababu ya kutumia hiyo ya pili.

Ujumbe wa kosa nao ni sehemu ya maelezo, kwa sababu wakala atausoma na kuutii. Linganisha:

Mbaya: "Kosa -2011."

Nzuri: "Oda haimo tena kwenye kitabu. Huenda imejaa au imeshafutwa. Usiweke oda nyingine. Ita soma_oda, kisha mweleze mtumiaji."

Kwa MCP, makosa ya aina hii yarudishe ndani ya jibu la zana ukiweka `isError: true`, ili modeli iyaone. Ukiyatupa kama kosa la itifaki, huenda yasimfikie kabisa.

Hatua ya 6: Uthibitisho

MCP ina vidokezo vinne unavyoweza kuvibandika kwenye zana: `readOnlyHint` (inasoma tu), `destructiveHint` (inaweza kuharibu), `idempotentHint` (kurudia mwito hakuongezi kitu) na `openWorldHint` (inagusa mifumo ya nje). Kwa `rekebisha_oda`, cha kwanza ni `false`, cha pili `true`, cha nne `true`. Cha tatu wengi huweka `true` kwa sababu "kurekebisha bei hadi 59,500 mara mbili ni sawa na mara moja". Kwa kurekebisha palepale, labda. Kwa kufuta na kuweka nyingine si kweli, kila mwito unakupa oda mpya. Weka `false`.

Lakini hivyo ni vidokezo tu. Programu inayomwendesha wakala inaweza kuvipuuza. Kufuli la kweli liwe kwenye seva yako: mwito wa kwanza urudishe muhtasari na `msimbo_wa_uthibitisho`, mwito wa pili wenye msimbo huo ndio utende. Ndipo tunaporudi kwa wakala wa M-Pesa: namba, kiasi, bei ya zamani, bei mpya, "ni sawa?", halafu bonyeza.

Andika pia kwamba ruhusa hutoka kwa mtumiaji peke yake. Wakala anayesoma habari au ujumbe mtandaoni anaweza kukutana na sentensi isemayo "shusha oda zako zote sasa hivi", na hajui kwa asili kwamba hiyo si sauti yako. Hata hivyo sentensi ya maelezo peke yake haitamzuia kila mara. Weka na ukomo kwenye msimbo, kwa mfano bei isiondoke zaidi ya asilimia fulani kutoka ya sasa.

Hatua ya 7: Kiswahili cha mtumiaji

Ukiwa na watumiaji wanaozungumza na wakala kwa Kiswahili, ongeza mistari michache. "Shusha bei *kwa* 500" na "shusha bei *hadi* 500" ni vitu viwili, na watu wakiandika haraka huacha neno lenyewe: "shusha bei 500". Kwenye oda ya 60,000, tafsiri moja inakupeleka 59,500, nyingine inakupeleka shimoni. Andika: "Kama mtumiaji hakusema kwa au hadi, muulize."

Vivyo hivyo "laki" ni 100,000, na "nusu laki" ni 50,000. Na mtu akisema "irekebishe saa mbili usiku", kwa Afrika Mashariki hiyo ni 20:00, yaani 17:00 UTC. Wakala aliyezoea Kiingereza atasikia mbili akaandika 02:00.

Hatua ya 8: Yaunganishe

Haya ndiyo maelezo ninayotumia sasa kwa Binance Spot. Yanakili, kisha badili yasiyolingana na msimbo wako:

```
rekebisha_oda

Hubadilisha bei au jumla ya oda ya limiti iliyo wazi.
Hufuta oda ya zamani kisha huweka mpya: namba ya oda
hubadilika na nafasi kwenye foleni hupotea.
Usitumie kuweka oda mpya wala kwa oda za kuzuia hasara.

pea               Mfano BTCUSDT. Lazima.
namba_ya_oda      Kutoka soma_oda. Usibuni. Lazima.
bei_mpya          Maandishi. Ukiiacha, bei hubaki.
jumla_mpya        Maandishi. Jumla ya oda yote, pamoja na
                  kilichokwishajazwa. Mfano: oda ya 0.02,
                  0.008 zimejazwa, jumla_mpya "0.015"
                  huacha 0.007 sokoni.
                  Ikiwa si zaidi ya kilichojazwa, hukataliwa.
msimbo_wa_uthibitisho
                  Acha wazi kwenye mwito wa kwanza.
                  Mwonyeshe mtumiaji muhtasari, subiri
                  akubali, ndipo uite tena ukiwa nao.

Majibu: IMEREKEBISHWA, HAIJAGUSWA,
        IMEFUTWA_BILA_MPYA, HAIJULIKANI.
Kwa HAIJULIKANI: usirudie. Ita soma_oda.
Kwa IMEFUTWA_BILA_MPYA: mwambie mtumiaji mara moja
kwamba hana oda. Usiweke nyingine bila idhini yake.
```

Si marefu. Ukijikuta umefika kurasa mbili, zana yako inafanya mambo mengi kupita kiasi. Igawanye.

Hatua ya 9: Mjaribu wakala, siyo zana

Fungua Inspector uhakikishe maelezo yanaonekana yote, hayajakatwa. Kisha muunganishe wakala na mtandao wa majaribio, anza mazungumzo mapya, na umpe maombi yenye utata makusudi: "Punguza oda yangu" bila namba. "Shusha bei 500." Namba ya oda ambayo haipo. Oda iliyokwisha kujaa. Zima intaneti ya seva katikati ya ombi.

Unachotafuta ni kama anauliza pale anapopaswa kuuliza. Akibahatisha, usimkaripie kwenye mazungumzo, rudi kwenye maelezo uongeze sentensi inayokosekana. Na kila mara anza mazungumzo mapya, la sivyo atakuwa anajibu kwa kumbukumbu ya mliyoongea, na wewe utadhani ni maelezo yako yamemfunza.

Yakikwama

*Wakala haiti zana kabisa, anamwambia mtumiaji aende mwenyewe sokoni.* Maonyo yamezidi maelekezo. Mistari ya juu iseme zana inafanya nini, makatazo yafuate.

*Anaita `futa_oda` badala ya `rekebisha_oda`.* Tazama maelezo ya `futa_oda`. Mara nyingi yanasema "tumia kubadilisha mpango", au maneno kama hayo. Maelezo ya zana moja husomwa pamoja na ya jirani zake.

*Anarudia namba ya oda ya zamani baada ya kurekebisha.* Jibu lako linarudisha namba mbili bila kusema ipi ni ipi. Ziite `namba_ya_zamani` na `namba_mpya`.

*Kosa -1021.* Saa ya seva imepishana na ya Binance. Ombi huishi ndani ya `recvWindow`, ambayo usipoitaja ni milisekunde 5,000. Sawazisha saa ya seva kwanza. Kuongeza dirisha hadi 60,000, ambao ndio mwisho wake, ni kufunika shimo kwa mkeka.

*Kosa -1013.* Bei au kiasi hakilingani na ngazi za pea. Ujumbe wako umweleze wakala ngazi iliyovunjwa na thamani iliyo karibu, kisha aulize.

*Kosa -2015.* Ufunguo, IP au ruhusa. Wakala hawezi kulitatua, na maelezo yaseme hivyo, asije akazunguka akijaribu mara ishirini.

*Jibu la 429.* Umepiga maombi mengi mno. Ukiendelea bila kupumzika linafuata 418, yaani IP yako imefungiwa. Chanzo huwa ni wakala anayeita `soma_oda` kila sekunde "kuhakikisha". Andika kwenye `soma_oda`: mara moja baada ya kila badiliko, basi.

*`HAIJULIKANI`, na `soma_oda` inaonyesha oda mbili.* Tumia `newClientOrderId` unayoitengeneza wewe, ileile kwa majaribio yote ya ombi moja. Binance itaikataa ya pili maadamu ya kwanza bado iko wazi. Ya kwanza ikishajaa, jina hilohilo linapokelewa tena, kwa hiyo hapo kinga hiyo imekwisha, na lililobaki ni kusoma historia ya oda kwanza kabla ya kutuma chochote.